Mlinzi wa getini asibebe uamuzi wako

Swali la msomaji: "Nilianza kazi ya hoteli kwa kusafisha vyumba, nikawa msimamizi wa usafi, na mwaka huu nimepandishwa kuwa meneja msaidizi wa hoteli ya ufukweni huku Diani, Pwani ya Kenya. Tangu nikalie hicho kiti silali vizuri. Mkurugenzi anataka nitie saini orodha ya vibarua: wasimamishwe kabla mwezi haujaisha, wakae nyumbani siku chache, kisha warudi kama watu wapya. Mlinzi wa usiku ameniuliza afanye nini na mgeni wetu wa kila mwaka anayerudi kutoka disko na msichana anayeonekana mdogo. Wasichana wa vyumba wananililia kuhusu mgeni mwingine anayewafungulia mlango akiwa uchi. Na muuza samaki ameniletea bahasha ya kunipongeza. Nikisema hapana kwa kila kitu nitafutwa, nikisema ndiyo nitajichukia. Nianzie wapi?"

Jibu: Dada yangu, anzia getini, na uanze usiku wa leo. Mambo mengine uliyoyataja yatafuata kwa zamu yake. La msichana huyo haliwezi kungoja.

Barua yako ina mashaka manne, lakini kwangu mimi yote ni ya ukoo mmoja. Katika kila moja yuko mtu mwenye pesa anayetaka jambo lake, na yuko mtu wa mshahara mdogo aliyeachwa peke yake kulikataa. Mlinzi yuko peke yake getini saa nane usiku. Msichana wa vyumba yuko peke yake kwenye korido. Kibarua yuko peke yake mbele ya karatasi anayoharakishwa kuitia kidole. Karani wa stoo yuko peke yake na mizani. Wakubwa wamelala, na maamuzi magumu kuliko yote hotelini yameachiwa wanaolipwa kidogo kuliko wote. Ndiyo maana nasema maadili ya meneja huanza pale anapoyachukua maamuzi hayo mwenyewe, akayaandika na kuyatia saini kabla ya saa mbaya kufika. Moyo unao, barua yako inauonyesha. Hotelini kwenu panakosekana karatasi yenye jina lako.

Mtazame mlinzi wako vizuri. Pengine hata si mwajiriwa wa hoteli, ameletwa na kampuni ya ulinzi. Tuktuk inasimama, anashuka mgeni ambaye hoteli nzima inamjua kwa jina, anayechukua chumba kilekile cha kuelekea baharini kila Januari. Nyuma yake yuko msichana, viatu mkononi. Mlinzi akimzuia, asubuhi mgeni atalalamika mapokezi, hoteli itaiomba kampuni "ibadilishe mtu", na mtu huyo atarudi kwao Kinango bila kazi. Akinyamaza, kuna noti ya elfu moja. Meneja anayemwambia "tumia busara yako" amemwacha achague kati ya noti na njaa.

Kwa hivyo mpe kanuni isiyohitaji busara. Yeyote anayepanda chumbani ambaye hakuandikishwa kama mgeni wa hoteli apitie mapokezi, atoe kitambulisho cha taifa au pasipoti, na jina lake liandikwe. Kenya kitambulisho hupewa aliyetimiza miaka 18, na pasipoti inaonyesha tarehe ya kuzaliwa, kwa hivyo mlinzi hana haja ya kukadiria umri wa mtu kwa kumkodolea macho usoni. Picha ya kitambulisho kwenye simu haitoshi. Asiye nacho hapandi. Kitabu hicho cha majina kifungiwe, kisiachwe wazi kwenye kaunta kila apitaye akisome, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu wageni hao pia.

Kanuni hiyo imfunge kila mtu: Mjerumani wa Januari, mheshimiwa aliyekuja semina kutoka Nairobi, hata rafiki wa mkurugenzi. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi Pwani bado wanadhani ni tatizo la Wazungu tu. Utafiti wa UNICEF na Serikali ya Kenya uliotolewa mwaka 2006, uliohusu Mombasa, Kilifi, Malindi na Kwale, ulikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Pwani walikuwa wakitumiwa kingono kwa malipo. Kundi kubwa zaidi la wanaume waliowanunua lilikuwa la Wakenya wenyewe, asilimia 38, mbele ya Waitaliano na Wajerumani. Hoteli inayokagua wageni wa ng'ambo peke yao imejiridhisha tu, haijamlinda mtoto.

Kuna upande wa pili ambao nataka uusimamie kwa nguvu ileile. Msichana akitoa kitambulisho na ana miaka 22, basi ni mtu mzima, na ahudumiwe kwa heshima anayopewa mke wa balozi. Asiulizwe anafanya kazi gani, asisemwe kwa Kigiriama au Kidigo huku watu wakicheka. Wanawake wa Kikenya wamedhalilishwa mno kwenye mageti ya hoteli zetu kwa sababu tu wamefuatana na mume Mzungu, au wamekuja peke yao kunywa kahawa. Kanuni iliyo sawa kwa wote inawalinda hao pia.

Sheria iko wazi, na ni vyema umsomee mkurugenzi kwa sauti. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 15, inamgusa mtu anayemruhusu mtoto kwa kujua akae kwenye jengo ili atumiwe kingono. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Kifungu cha 14 kinahusu utalii wa ngono na watoto, na kinataja hata makampuni. Tangu mlinzi akuulize, nawe ukamsikia, huwezi tena kusema hukujua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hoteli nyingi zenye nia njema hulivuruga. Mlinzi anafuata kanuni, anamrudisha msichana, geti linafungwa, na kila mtu anahisi amefanya kazi yake. Msichana yuko barabarani saa nane usiku na mwanamume yuleyule, na tuktuk bado inangoja. Wataenda kwenye jumba la kukodi lisilo na mapokezi wala kitabu. Hoteli kubwa zilipoanza kukaza, sehemu ya biashara hii ilihamia huko. Kumfukuza mtoto getini kunaisafisha hoteli, yeye hakumsaidii chochote.

Kwa hiyo andika pia kinachofuata. Anayeshukiwa kuwa mtoto aingizwe mahali penye mwanga, kama ukumbi wa mapokezi, aketi na mfanyakazi wa kike, apewe maji na chakula. Asipelekwe chumba cha walinzi. Asihojiwe yaliyompata, kuna watu waliofundishwa kumhoji, na maswali ya watu watano usiku mmoja humfunga mdomo asiseme tena. Anayekaa naye amwambie tu kwamba hana kosa. Mapokezi wapige 116, simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni ya bure na hupokewa saa zote, na wapige kituo cha polisi wakiomba dawati la jinsia. Asubuhi wewe mwenyewe umtafute afisa wa watoto wa eneo lenu. Mgeni usimfungie chumbani wala usiruhusu apigwe; una jina lake, nambari ya pasipoti yake na tarehe yake ya kuondoka, na hayo ndiyo polisi wanayoyahitaji. Mlinzi aandike kwenye kitabu cha matukio: saa ngapi, tuktuk nambari gani, nani walikuwepo. Mtu wa kompyuta ahifadhi picha za kamera usiku uleule, kwa sababu mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku chache.

Halafu ongeza sentensi moja ambayo ndiyo itakayoifanya karatasi hiyo ifanye kazi: mlinzi au mhudumu aliyefuata kanuni hii hatahamishwa, hatakatwa wala hatakemewa kwa sababu ya malalamiko ya mgeni. Nakala iende kwa kampuni ya ulinzi. Na nambari yako ya simu iwe juu kabisa, uipokee usiku. Bila sentensi hiyo yote mengine ni mapambo.

Mgeni wa Januari umwone wewe mwenyewe mchana, usimtume mtu wa mapokezi. Mwambie kwa adabu kwamba kanuni ni hii, inawahusu wote, na itakuwa hivyo kila atakapokuja. Akikujibu kwamba atahamia hoteli ya jirani, mtakie safari njema. Tangu mwaka 1998 kuna mkataba wa maadili wa kuwalinda watoto katika utalii, ulioanzishwa na ECPAT, shirika linalopinga watoto kutumiwa kingono, na hoteli kadhaa za Pwani ziliutia saini: zinafundisha wafanyakazi, zinaweka sharti hilo katika mikataba yao na makampuni ya watalii, zinawaarifu wageni. Uliza kama hoteli yenu imo. Kama imo, karatasi hiyo labda imelala kwenye droo ya mtu, na wewe ndiwe wa kuitoa.

Nije kwa wasichana wa vyumba. Hapa huhitaji kuelezwa sana, umepita hapohapo. Unajua kwamba msichana akirudi bila kumaliza vyumba vyake vya siku atagombezwa, na kwamba hilo peke yake linatosha kumfanya aingie chumba anachokiogopa. Jambo hili si la Diani tu. Huko Chicago chama cha wafanyakazi wa hoteli kiliwauliza wanawake wanachama wake mwaka 2016, na asilimia 58 ya wale wa hotelini wakasema wamewahi kusumbuliwa kingono na mgeni. Mwaka uliofuata baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuwapa wafanyao kazi peke yao vyumbani kifaa cha kuita msaada, na kumpa mfanyakazi haki ya kuacha kazi na kuondoka pale anapoona hatari.

Kifaa kama hicho huenda mkurugenzi asikinunue mwaka huu. Haki ya kuondoka haigharimu hata senti. Itangaze kesho kwenye mkutano wa asubuhi wa idara ya vyumba: ukikuta mgeni yuko uchi au anakuzuia mlango, toka, acha kila kitu, njoo uniambie, na chumba hicho kitahesabiwa kama umekisafisha. Chumba cha mgeni aliyelalamikiwa kisafishwe na watu wawili, mlango wazi, kitoroli kikiwa mlangoni, na wakati mwenyewe yuko nje. Mgeni apigiwe simu na meneja mara ya kwanza. Mara ya pili anaondoka, hata kama ni wa kampuni ya watalii inayowaletea watu nusu ya hoteli.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, inayoeleza malalamiko yapelekwe wapi, na inayoahidi kwamba jina la mlalamikaji halitatangazwa ovyo. Kifungu hicho kinapotaja wanyanyasaji kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza. Mgeni hakutajwa kwa jina, na mawakili wa hoteli hupenda kuliegemea hilo. Lakini sera yenyewe lazima iseme kwamba mwajiri atachukua hatua asiwepo mfanyakazi wa kunyanyaswa, na hapo anayenyanyasa hakuwekewa mipaka. Hakikisha pia malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mtu asiyepanga zamu. Wakati mwingine anayesumbua ndiye anayepanga nani apate siku ya mapumziko, na hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Sasa ile orodha ya vibarua, ambayo naona ndiyo imekuzidi nguvu kwa sababu imetoka juu.

Usiitie saini. Nakuambia hivyo bila kuzunguka, kisha nikueleze jinsi ya kukataa bila kumpigia mkurugenzi mlango usoni. Sheria ya Ajira inamwita kibarua mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, basi amekuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Hicho ndicho anachokikimbia mkurugenzi kwa kuwasimamisha kabla ya siku kutimia. Lakini kifungu hichohicho kina mlango wa pili ambao wengi hawausomi: kama kazi yenyewe ni ya aina isiyotarajiwa kuisha katika siku ambazo jumla yake ni miezi 3 au zaidi, mfanyakazi huyo pia si kibarua tena. Niambie basi, katika hoteli inayofunguliwa mwaka mzima, kazi ya kutandika vitanda inatarajiwa kuisha lini? Mahakama ya ajira ina uwezo wa kutazama hali halisi na kubadili masharti ya mtu aliyeitwa kibarua, na siku hizi ushahidi ni mwepesi, maana malipo yako kwenye simu yake, ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine.

Hata hivyo, sheria si sababu yangu ya kwanza. Soma orodha hiyo tena. Inasema kazi imekwisha, nawe unajua haijaisha. Ukiangalia ratiba ya wiki ijayo utakuta majina yaleyale mahali palepale, isipokuwa yamerukishwa siku nne. Umeombwa uthibitishe uongo kwa jina lako, na gharama ya uongo huo inaangukia kwa mtu asiyekuwepo chumbani mlipokuwa mkiuzungumza: mama asiye na michango ya NSSF, asiye na likizo ya uzazi, ambaye akiugua hizo siku nne hana hata ujira wa kumfikisha hospitali ya Msambweni.

Mkurugenzi naye ana hoja, na usiidharau. Aprili mvua ikianza vyumba vinabaki vitupu, hoteli nyingine hufunga kabisa hadi Juni au Julai, na mshahara wa mwezi haungoji wageni. Mwaka 2020 tuliona hoteli nzima nzima zikizima taa. Mwenye mali anayeogopa kujifunga na watu 60 wa kudumu si mtu mbaya. Ila hofu hiyo ina dawa halali: mkataba wa msimu. Uwe na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, labda Julai hadi Machi, mshahara wa mwezi, siku ya mapumziko kila wiki, likizo kwa kadiri ya miezi aliyofanya, michango ya NSSF na ya bima ya afya ya SHA, na ahadi kwamba msimu ukirudi waliofanya vizuri wataitwa kwanza. Mfanyakazi anajua mapema kwamba Aprili hana kazi, analima, au anafungua kibanda. Hoteli haibebi mshahara wa miezi mitupu. Mpelekee mkurugenzi hesabu pamoja na hoja: gharama ya michango upande mmoja, na upande wa pili gharama ya kufundisha watu wapya, ya sare, na ya kesi moja tu ikipotea. Nimeona wenye hoteli wagumu wakilainika mbele ya karatasi ya namna hiyo, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu amewaletea njia, hakuwaletea lawama.

Kuhusu ada ya huduma na makato, sitakaa sana. Ada ya huduma mnayoiongeza kwenye bili ikigawanywa, karatasi ya mgao ibandikwe kwenye kantini ya wafanyakazi kila mwezi, ionyeshe jumla na fungu la kila daraja. Siri ndiyo inayozaa tuhuma. Na glasi zinazovunjika zisikatwe mishahara kwa mkumbo: kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu makato ya kadiri kwa uharibifu wa makusudi, na sinia iliyoteleza kwenye ngazi zenye maji si makusudi.

Bahasha ya muuza samaki irudishe leo, usiilaze ofisini. Iite idara ya fedha ishuhudie, ihesabiwe, irudishwe kwa sahihi, na barua fupi iende kwa mkurugenzi. Sheria ya Hongo ya 2016 haihusu ofisi za serikali peke yake. Inaitaka kampuni binafsi iwe na utaratibu wa kuzuia hongo, na inamtaka mtu mwenye madaraka, akijua au akishuku hongo, aripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, ndani ya saa 24. Kwa hivyo siku hiyohiyo zungumza na wakili wa hoteli kuhusu ripoti hiyo. Ukikaa nayo wiki moja ukitafakari, kukaa nayo kutahesabiwa.

Baada ya hapo teremka stoo, maana bahasha hairudishwi kwa maneno tu. Simama kando ya mizani samaki wakiletwa. Utaona kreti la nguru limejaa barafu, linapimwa hivyohivyo, na karani anaandika kilo 20. Mwambie amwage barafu na maji, apime tena. Ikiwa ni kilo 17, umeshaijua bahasha yako imetoka wapi: hoteli inalipia maji ya bahari, sehemu inarudi kwako, na mpishi anaambiwa chakula kinagharimu mno, apunguze vipande kwenye bufee ya wafanyakazi. Kuna mwingine anayeumia ambaye hamwoni. Mvuvi wa Gazi au Msambweni mwenye samaki wazuri wa alfajiri hapiti getini kwenu, kwa sababu hana bahasha. Weka kanuni ya kupima bila barafu, karani na mtu wa jikoni watie saini pamoja, na bei iulizwe kwa wauzaji zaidi ya mmoja kila baada ya muda. Karani wako atapumua. Huenda amekuwa akijua siku zote, hana wa kumwambia.

Hukuniuliza kuhusu maji, nami nitaligusa kwa sababu litakufikia ukizidi kupanda cheo. Zanzibar, utafiti uliotolewa mwaka 2012 katika vijiji vya utalii kama Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ulikuta kaya ya kawaida inatumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Mwanamke wa kijijini anayeamka kupanga ndoo hayumo kwenye kikao chochote cha hoteli. Siku mtakapojadili bwawa la pili la kuogelea au kisima kirefu zaidi, awepo wa kuuliza kisima cha jirani kitakuwaje.

Sasa hofu yako ya kufutwa. Ni ya haki, nami sitaifanya ndogo. Usijiuzulu kwa hasira, na usitangaze vita siku moja kwa mambo manne. Lile la mtoto halina mjadala. Hilo unalitekeleza ukiwa meneja wa zamu, kisha unamwarifu mkurugenzi. Bahasha inarudi leo. Kanuni ya vyumba iko ndani ya mamlaka yako. Linalobaki la kuomba ruhusa ni la vibarua peke yake, na hilo liombe kwa barua fupi: "Nimeipokea orodha. Nikiitia saini nitakuwa nimethibitisha kwamba kazi imekwisha ilhali ratiba inaonyesha inaendelea, jambo linaloiweka hoteli hatarini chini ya kifungu cha 37. Naambatisha rasimu ya mkataba wa msimu na hesabu yake. Naomba tukutane Alhamisi." Ipeleke kwa mkono, nakala yenye tarehe ya kupokelewa ubaki nayo nyumbani. Barua hiyo tu. Orodha za wageni na majina ya walalamikaji usizitoe ofisini.

Akikuamuru kwa mdomo, muombe aandike. Wengi wakifika hapo husita. Wapo watakaokuja kukushawishi kwa upole, wale uliosafisha nao vyumba zamani, wakisema umepanda na kutusahau, tia saini tu tupate hizo siku zetu. Waonyeshe rasimu ya mkataba wa msimu, waisome wenyewe. Waambie pia kwamba kibarua ana haki ya kujiunga na chama, na KUDHEIHA ndicho chama cha wafanyakazi wa hoteli.

Mkurugenzi akitia saini mwenyewe badala yako, umefanya ulichoweza kwa mwezi huo. Rasimu yako iko mezani, na utairudisha tena msimu ujao ukiwa na hesabu bora zaidi. Akikuachisha kazi kwa sababu ulilalamikia jambo lisilo halali, kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira hakiitambui hiyo kama sababu ya haki ya kumwachisha mtu, na kifungu cha 41 kinakupa haki ya kusikilizwa kwanza, ukiwa na mwenzako wa kazini uliyemchagua. Malalamiko kwa afisa wa kazi huwasilishwa ndani ya miezi 3 tangu siku ya kuachishwa. Ile nakala ya barua yenye tarehe ndiyo utakayoingia nayo.